Saa Iliyochechemea

Bonde zima linamwita kaka yangu Otmar fundi saa. Uongo mtupu. Otmar Dilger hajawahi kuwa fundi saa hata siku moja, na mimi Lioba, dada yake niliyemfuata kuzaliwa, nimechoka kuwasikia watu wakimpa sifa hiyo kanisani na yeye anaipokea kwa kuinamisha kichwa kama askofu.

Kiwanda cha saa alifanya kazi, hilo kweli. Aliingia kabla ndevu hazijaota akatoka siku mageti yalipofungwa. Lakini humo ndani alikuwa anafanya kitu kimoja tu: kushindilia gurudumu la meno kwenye mhimili wake. Gurudumu, mhimili, kanyaga pedali, tupa kwenye kikapu. Gurudumu, mhimili, kanyaga. Saa iliyokamilika alikuwa anaiona kwenye madirisha ya maduka ya watalii, kama mimi na wewe. Majirani walipomletea saa zao mbovu alizipokea kwa uso wa daktari, "Iache hapa, nitaiangalia," halafu mlango ukishafungwa anampelekea mkewe.

Mkewe, Roswitha, ndiye aliyekuwa anajua. Alifanya kazi kiwanda kile kile, chumba cha mwisho kabisa, saa zimetundikwa ukutani kona hadi kona, na kazi yake na wanawake wenzake ilikuwa kusikiliza. Saa ya pendulamu ikikaa vibaya, tik inakuja haraka na tak inachelewa, kama mtu mwenye mguu mmoja mfupi. Sisi huku tunasema hivyo hivyo: saa inachechemea. Na saa inayochechemea haikawii kusimama. Roswitha alikuwa anaweza kukaa katikati ya kelele zile zote akanyoosha kidole, "Ile pale, karibu na mlango," akaiendea, akakunja waya wake kidogo, basi, imepona.

"Nyinyi wa mashine mnazaa viwete," alikuwa anamwambia Otmar mbele za watu, "sisi ndio tunawafundisha kutembea."

Otmar alicheka kuliko wote. Alimpenda mwanamke yule mpaka mimi dada mtu nilikuwa naona aibu.

Sasa shangaa na hili: nyumbani kwao hapakuwa na saa ya maana. Ya baba yetu, ile ya ukutani yenye mawaridi ya kuchora, ilikwenda pamoja na shamba kwa kitinda mimba wetu, maana huku kwetu wa mwisho ndiye anayerithi, na yule mjinga akauza vyote. Otmar na Roswitha walikuwa na saa ya betri jikoni, nyingine kwenye redio, nyingine kwenye jiko la umeme. Kiwanda kilipofungwa Otmar alisema hataki kusikia tena tik wala tak maishani mwake. Akaenda kuendesha gari la halmashauri la kuondoa theluji barabarani mpaka alipostaafu.

Halafu Roswitha akaugua kongosho. Saratani. Hospitali walimpasua, wakaangalia, wakamshona, wakamrudisha nyumbani na matone ya kutuliza maumivu. Hatukudanganyana, si yeye, si sisi. Nikahamia kwao, kwa sababu kaka yangu hata viazi vya kuchemsha anaviunguza, na binti yao yuko Stuttgart na watoto wadogo, anakuja akiweza.

Tulimlaza chumba cha juu, kile kilicho juu ya sebule. Pale sakafuni kuna tundu lenye kifuniko, kila nyumba ya zamani huku inalo, joto la tanuri linapanda hapo moja kwa moja mpaka kitandani. Na sauti nayo inapanda. Ukipiga chafya sebuleni, wa juu anakutakia afya.

Siku moja nambadilishia foronya akanishika mkono. "Wifi," akasema, "kufa siogopi sana. Naogopa kufia kwenye nyumba isiyo na saa."

"Saa ziko tele humu."

"Usijifanye huelewi, Lioba."

Nilielewa sana. Kwetu mtu akikata roho, mwenye nyumba anaiendea saa, anaishika pendulamu kwa mkono wake, anaisimamisha. Dirisha linafunguliwa roho itoke. Saa inakaa kimya mpaka watu warudi kutoka makaburini. Baba alimfanyia mama hivyo. Nilikuwa mdogo, lakini ule ukimya naukumbuka kuliko kilio. Mama yake Roswitha yeye alikufia hospitali, na saa ya umeme ukutani ikaendelea na mambo yake, manesi nao wakaendelea na mambo yao, na Roswitha hakuisamehe saa ile maisha yake yote. "Iliendelea tu," alikuwa anasema. "Utafikiri mama katoka kwenda chooni."

"Nataka mtu asimamishe kitu kwa ajili yangu," akaniambia siku ile. "Kwa mkono. Basi. Ni makubwa hayo?"

Otmar alikuwa chini na alilisikia kila neno kupitia lile tundu. Asubuhi yake akaenda darini, akashuka na boksi limejaa vumbi.

Loo, boksi lile! Binti yao alimpa zawadi Krismasi moja ya zamani: saa ya mbao ya kujiundia mwenyewe. Vibao vyembamba vimeshakatwa tayari, unabandua kipande kimoja kimoja, unakipiga msasa, unaunganisha kwa vijiti na gundi, na mwishowe, ukiiamini picha ya juu ya boksi, unapata saa ya pendulamu inayotembea kweli. Mtoto alitoa kwa mapenzi. "Baba, si wewe ni fundi!" Otmar alimbusu, akamshukuru, na siku hiyo hiyo akaificha darini.

"Kanunue ya dukani," nikamwambia. "Bonde limejaa saa mpaka linatapika."

"Ameniomba mimi."

"Amekuomba uisimamishe, hakukuomba uiunde."

"Lioba, nenda kapike."

Mshenzi mkubwa. Nikaenda kupika.

Akatandika gazeti kwenye meza ya sebule, akaanza. Vidole vyake ni vinene, vya mtu wa koleo na theluji, na siku ya kwanza tu alivunja jino la gurudumu akaligundisha kwa kijiti cha meno huku anatukana taratibu ili wa juu asisikie. Wa juu alisikia. Maelekezo yalikuwa ya picha, mishale mitupu, na Otmar aligeuza ile karatasi juu chini mpaka nikamwuliza kama anaendesha gari. Roswitha akawa anasimamia kazi kutoka kitandani, kupitia tundu.

"Nanga umeiweka upande gani?" Nanga ni kile kipande chenye makucha mawili kinachokamata jino la gurudumu, kinaliachia, kinakamata lingine. Hicho ndicho kinachosema tik na tak.

"Kulia."

"Kulia kwako au kulia kwa saa?"

Nikamwona anaigeuza tena ile karatasi.

"Otmar, nakuuliza."

"Ngoja... kulia kwa yule anayeitazama."

"Mungu wangu! Na huyu ndiye watu wanamletea saa!"

Alicheka mpaka maumivu yakamshika, nikakimbilia matone. Otmar alisimama chini ya tundu, uso ameuinua, hata kupumua hapumui, mpaka nilipomwambia amelala.

Kitu kimoja alikifanya bila kuangalia picha. Ilipofika zamu ya kushindilia magurudumu kwenye mihimili, mikono yake ilikwenda yenyewe, gurudumu, mhimili, na chini ya meza niliona mguu wake wa kulia unakanyaga. Hakuna pedali pale. Zulia tu. Mguu unakanyaga, unaachia, unakanyaga. Nilikuwa na la kumtania nikaliacha.

Saa ikakataa. Akitundika, inapiga kidogo, inakufa. Akafungua yote, akapaka mihimili nta ya mshumaa, akatundika tena, ikafa tena. Akaongeza mchanga kwenye kopo linalovuta kamba, ikatembea kidogo zaidi, ikafa. Na juu kule Roswitha alikuwa anageuka rangi ya manjano, supu anaonja anasukuma, mikono imebaki mifupa. Kila mtu ndani ya nyumba alijua ni mashindano, saa na kifo, na nani yuko mbele. Otmar aliacha kunyoa ndevu. Kuna asubuhi nilimkuta ameshika lile gurudumu lenye jino la gundi, analia, machozi yanaingia kwenye masharubu, na hata hakujificha.

"Nimefanya kazi hii maisha yangu yote," akaniambia, "na sijui kitu, Lioba. Sijui kitu chochote."

"Hilo tunalijua siku nyingi," nikamwambia. "Kunywa kahawa uendelee."

Halafu siku moja mchana ikatembea. Mimi niko jikoni nasikia tik, tak, tik, tak, nasubiri ife, haifi. Nikatoka na mikono yangu ina unga. Otmar amesimama mbele yake, karibu na tanuri alipoitundika, mikono ameining'iniza, anaogopa hata kukohoa.

Sauti ikashuka kutoka juu, nyembamba kama uzi. "Inachechemea."

"Haichechemei!"

"Otmar."

"Nimeipima kwa pima maji! Imenyooka kabisa!"

"Nani kakwambia saa inapimwa kwa macho? Sukuma chini yake kushoto. Kidogo. Umezidisha. Rudisha nusu. Rudisha... hapo. Hapo hapo. Toa mkono."

Akatoa mkono. Saa ikawa imekaa upande kama kofia ya mlevi, na ikatembea sawasawa. Otmar alitaka kupanda juu mbio akajikwaa ngazi ya kwanza. Nilipowafuata na chai nilimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, na yeye Roswitha amemshika sikio, amelivuta kama la mtoto mtukutu.

"Nikiondoka ni wewe," alikuwa anamwambia. "Si Lioba, huyu ana haraka zake. Wewe. Sema."

"Nitaisimamisha mimi. Kwa mkono wangu."

"Vizuri. Sasa ninyoe hizo ndevu kabla hazijanichoma."

Siku zilizofuata zilikuwa nzuri, nisije nikamkufuru Mungu. Alilala na saa, akaamka nayo. Nesi anayekuja nyumbani alisema hajui kwa nini mgonjwa anaomba matone machache kuliko zamani. Mimi nilijua.

Ila mbao ni mbao, na pale karibu na tanuri zilizidi kukauka. Gurudumu moja likaanza kupinda. Saa ikawa inatembea vizuri, halafu ghafla inajikwaa, tik... tak, inachechemea hatua chache, inajirekebisha, baadaye inajikwaa tena. Otmar alishindwa kujua ni jino lipi. Kila mara alikuwa anaisimamisha apapase, na kila mara, kabla hajaigusa, anasimama chini ya tundu na kupaza sauti: "Rosi, ni mimi! Natengeneza!"

"Tengeneza," anajibiwa. Baadaye sauti ilipoisha akawa ananyanyua kidole tu, na mimi nasema, "Anasema tengeneza."

Padri alikuja kumpaka mafuta. Baada ya hapo Roswitha akawa amefumba macho tu, na pumzi yake ikaanza ule mwendo ambao aliyewahi kukaa na mgonjwa anaujua. Tulimpigia binti yao simu. Theluji ilikuwa imefunga barabara, akasema atafika kesho yake. Tukakaa naye, Otmar upande huu ameshika mkono, mimi upande ule namlowesha midomo kwa pamba. Nje mchana mweupe, hakuna hata gari linalopita.

Na chini saa inatembea, inajikwaa, inatembea. Otmar ndiye aliyeona. Kila mara saa ilipojikwaa, nyusi ya Roswitha ilikuwa inaruka. Macho yamefumba, pumzi inatafutwa kwa taabu, na bado sikio liko kazini. Otmar akaitazama ile nyusi. Ikaruka. Akasubiri, midomo inahesabu mapigo mpaka gurudumu limalize mzunguko, ikaruka tena.

"Ni gurudumu la juu!" akasema. "Lioba, ni la juu! Jino nililogundisha mimi!"

Akambusu mkewe mkono, akauweka juu ya blanketi taratibu, akashuka ngazi mbio kama kijana anayekwenda dansini. Sijapata kumwona na furaha kama ile tangu harusi yake.

Saa ikanyamaza.

Roswitha akafungua macho.

"Wifi," akasema, na sauti ilikuwa safi, sijui aliitoa wapi. "Imesimama."

"Anatengeneza. Kuna jino linakwama, amelipata."

"Hajasema."

"Kasahau! Humjui mumeo?" Nikainama kwenye tundu. "Otmar! Sema na mkeo! Mwambie unatengeneza!"

Niliona utosi wake. Ameinamia meza, tupa ya kusugulia meno ya gurudumu mkononi, gurudumu lenyewe mbele ya pua, vijiti vya mbao amevibana kwa meno. "Mm," akasema.

"Otmar, we!"

"Ngoja kidogo tu! Nimelipata!"

Nikarudi kitandani. Roswitha alikuwa ananitazama bila hofu yoyote, na hapo mimi ndiyo hofu ikanipanda. Alikuwa na uso wa mtu aliyekaa foleni ya hospitali kutwa nzima na sasa ameitwa jina.

"Basi amefanya," akasema. "Nilidhani hataweza."

"Hajafanya kitu! Rosi, nisikilize, anatengeneza, sasa hivi inaanza tena..."

"Usimfokee, Lioba. Fungua dirisha."

"Sifungui. Kuna baridi nje, utaugua." Ndivyo nilivyosema, naapa. Utaugua.

Akatabasamu kidogo. Akavuta pumzi, akakaa, akavuta nyingine. Nikasubiri ya tatu. Nikaendelea kuisubiri, nimemshika bega, mpaka nikaelewa kwamba ninayepumua chumbani mle ni mimi peke yangu.

Chini saa ikaanza.

Tik, tak, tik, tak. Mimi sikio langu ni la gogo, lakini hata mimi nilisikia jinsi ilivyokwenda: sawa kabisa, haijikwai, haiharakishi, haichelewi. Zile hatua za kuchechemea hazikuja. Nilizisubiri, hazikuja.

"Rosi!" Alikuwa chini ya tundu, sauti imejaa kicheko. "Rosi, sikia! Inachechemea?"

Nikaliachia bega la Roswitha.

"Inachechemea au haichechemei?"

"Haichechemei, kaka," nikasema.

"Sijakuuliza wewe. Nimemuuliza yeye."

Nikasimama nikaliendea dirisha. Bawaba za dirisha lile zinalia, nyumba nzima inasikia likifunguliwa. Nikalifungua lote. Baridi ikaingia, ikapita juu ya kitanda, ikashuka kwenye tundu. Chini hakuuliza tena. Nikasimama pale nasubiri aishike pendulamu, maana alijua maana ya dirisha, hakuna mtu wa huku asiyeijua. Saa ikaendelea, tik, tak, tik, tak.

Nikashuka. Alikuwa amesimama mbele yake, vumbi la mbao kifuani kwenye sweta, tupa bado mkononi.

"Saa ngapi?" akauliza. "Sikuangalia. Amekwenda saa ngapi?"

Mtu mwingine angemdanganya. Labda ningemdanganya na mimi kama si kwamba mdomo wangu umezoea kusema ukweli hata pale usipohitajika. "Ulipoisimamisha," nikamwambia. "Aliisikia ikinyamaza. Alidhani tayari, alidhani umetimiza. Alifurahi, Otmar, nakuapia. Alisema, 'Basi amefanya.'"

Hakulia. Alitazama pendulamu inakwenda huku, inarudi huku.

"Isimamishe," nikasema. "Ulimwahidi. Isimamishe nikamfumbe macho."

Hakusogea. Nikasubiri, halafu uvumilivu ukaniishia, nikanyoosha mkono niisimamishe mwenyewe. Akanidaka kifundo cha mkono, kwa nguvu, mpaka nikaumia.

"Iache," akasema. "Nimeshaisimamisha."